Maharage yanagoma kuiva, chumvi inasingiziwa

Swali: Napika maharage mara mbili kwa wiki, kwa sababu ni chakula rahisi na kizuri kwa mwili. Nayaloweka usiku kucha, asubuhi nayabandika jikoni pamoja na kitunguu na nyanya, na chumvi natia mwisho kabisa kama nilivyofundishwa. Baada ya saa tatu nzima nusu yamepasuka na nusu bado ni magumu, na tukila matumbo yanaunguruma. Rafiki mmoja anasema nitie magadi, mwingine anasema nisihangaike kuloweka, nitumie sufuria ya presha. Nimsikilize nani?

Jibu: Kabla ya rafiki zako, tuanze na nyanya. Unaitia mapema mno, na hiyo peke yake inatosha kukuweka jikoni saa tatu.

Itazame punje ya haragwe kama ukuta wa matofali madogo madogo. Matofali ni seli zilizojaa wanga na protini, na udongo unaoyashikanisha ni pektini, ile ile inayogandisha jemu. Haragwe huiva pale udongo huo unapoyeyuka kwenye maji ya moto na seli zikaachiana. Wanga kulainika hakutoshi. Ndiyo maana lililoiva ukilibonyeza linasagika laini, na ambalo halijaiva linavunjika vipande kama chaki. Sasa, pektini haipendi kuyeyuka kwenye maji yenye uchachu. Nyanya, limau, siki, divai, nyanya ya kopo, vyote vinaushikilia ule udongo pale pale ulipo. Ukivitia mwanzoni, hata moto uwe mkali vipi, unachemsha ukuta uliotiwa saruji.

Nyanya iingie baada ya maharage kuiva kabisa, na neno "kabisa" lina kipimo chake. Chota punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, si tano za juu tu. Zipulize kwenye kijiko. Ganda la haragwe linalokaribia kuiva hukunjamana na kubanduka kidogo likipigwa na pumzi. Wapishi wengi huishia hapo, lakini hiyo ni dalili tu. Weka punje moja kati ya ulimi na kaakaa, uibonyeze bila kutumia meno. Ikisagika yote bila chembe na bila ganda kubaki kama karatasi, imeiva. Nyingine ikate katikati kwa kisu uangalie kiini. Ukiona doa jeupe, kavu, lenye ungaunga, ongeza dakika 15 hadi 20. Rudia mpaka zote tano zipite. Nne kati ya tano maana yake kila sahani itakuwa na punje ngumu za kutosha kuudhi, na ukishatia nyanya hazitalainika tena.

Kitunguu hakina kosa. Nusu kitunguu kwenye sufuria tangu mwanzo hakizuii kitu na kinaacha harufu nzuri.

Sasa chumvi. Umefundishwa kuitia mwisho, na karibu kila mtu amefundishwa hivyo, ila mafundisho haya yana kasoro. Chumvi haikazi maharage. Kazi yake ni kinyume kabisa. Pektini ya kwenye ganda hushikwa na kalsiamu na magnesiamu, madini mawili yanayofanya kazi kama misumari. Ukiloweka maharage kwenye maji ya chumvi, sodiamu huchukua nafasi ya baadhi ya misumari hiyo, na sodiamu haina nguvu ya kushikilia. Ganda linalainika na kupata mnyumbuko, kwa hiyo likivimba linanyooka badala ya kuchanika. Maharage yako yanapasuka kwa sababu ndani panavimba huku ganda limegoma kufuata. Chumvi ikitiwa mwisho, kazi yote hiyo imeshapitwa, na juu ya hapo mchuzi unakuwa na chumvi wakati katikati ya punje pamedorora.

Kipimo: gramu 15 za chumvi kwa kila lita ya maji ya kulowekea. Kwa gramu 500 za maharage makavu utahitaji lita 2 za maji na gramu 30 za chumvi, yaani kama kijiko kimoja na nusu cha chakula cha chumvi laini. Inaonekana nyingi, lakini karibu yote unaimwaga. Suuza maharage, kisha kwenye maji mapya ya kupikia tia kijiko kimoja cha chai tangu mwanzo, na umalizie kwa kuonja. Nyumba yenye mtu aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi, iloweke kwa maji matupu na kupika bila chumvi. Maganda yatakuwa magumu kidogo tu, na ladha utaijenga kwa kitunguu, kitunguu saumu na limau la mwisho.

Nyanya na chumvi ni sehemu rahisi ya jibu. Kuna mambo mawili ambayo huwezi kuyaona ukiangalia sufuria: maji yako na umri wa maharage yako.

Maji kwanza. Maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, ambayo tunayaita maji magumu, yanaongeza misumari kwenye ukuta ule ule tunaotaka ubomoke. Utayatambua hivi: birika la chai linajenga ukoko mweupe ndani, na sabuni inagoma kutoa povu wakati wa kufua. Kama hayo unayaona kwako, maharage yako yanapikwa kwa shida kila siku hata ukifuata mengine yote. Dawa ya kwanza ni ile chumvi ya kulowekea. Dawa ya pili ndiyo magadi aliyokuambia rafiki yako, na hapa ana haki, kwa masharti.

Magadi ninayozungumzia ni yale meupe ya unga laini yanayotiwa kwenye keki. Usiyachanganye na bekin pauda, ambayo ina asidi ndani yake na haitakusaidia. Yale mengine yanayochimbwa, ya mabonge, ni makali zaidi na nguvu zake hazilingani kila mara, kwa hiyo ukiwa nayo tia kidogo kuliko nitakavyosema hapa. Magadi yanayapa maji tabia iliyo kinyume cha uchachu, na kwenye maji ya namna hiyo pektini huyeyuka haraka sana. Robo kijiko cha chai kwa gramu 500 za maharage kwenye maji ya kupikia inatosha, au nusu kijiko cha chai kwenye zile lita 2 za kulowekea. Chagua sehemu moja, usitie kote. Ukizidisha, kwanza utasikia ladha ya sabuni, kisha maharage yanarojeka kwa nje kabla ndani hakujaiva, na mchuzi unakuwa na rangi ya matope. Hasara isiyoonekana ni vitamini B1, ambayo huharibika upesi kwenye maji ya namna hiyo. Kwa hiyo magadi ni dawa, na dawa hailiwi kila siku kama chakula. Mwenye maji laini na maharage mapya hayahitaji hata chembe.

Umri ndio unaoeleza ile nusu kwa nusu yako. Sufuria inayotoa punje zilizopasuka na punje ngumu kwa wakati mmoja mara nyingi ina maharage ya misimu miwili au aina mbili zilizochanganywa, ama na muuzaji, ama na wewe mwenyewe ulipomimina yaliyobaki kwenye chombo juu ya mapya. Mapya yanaiva kwa saa moja, ya zamani yanataka mbili na zaidi. Ukingojea haya, yale yanasambaratika. Hakuna ufundi wa moto unaotibu mchanganyiko huo. Maliza ya zamani kwanza, peke yake, na uandike mwezi uliyonunua kwenye chombo.

Maharage huzeeka vibaya zaidi yakikaa kwenye joto na unyevu, tuseme nyuzi 30 na hewa nzito, kwa miezi mingi. Ndani ya punje kuna fitati, ghala la madini la mmea. Kwenye joto na unyevu fitati huvunjika, kalsiamu na magnesiamu zinaachiliwa, na zinahamia kwenye pektini. Yaani punje inajipigilia misumari yenyewe kabatini. Haragwe la namna hiyo linanyonya maji vizuri, linavimba, linaonekana zima, lakini likifika jikoni halilainiki. Ni tofauti na aina ya pili ya ugumu, ambapo ganda limekauka mno na halipitishi maji. Hilo utalijua asubuhi: wenzake wamevimba mara mbili, lenyewe bado dogo, linang'aa, limekaza. Yaliyokataa kuvimba yatoe kwa mkono. Yaliyovimba lakini hayaivi ndiyo yanayohitaji magadi au presha.

Wakati wa kununua, angalia ganda linalong'aa bila mikunjo, rangi ya usawa, na chini ya mfuko pasiwe na vumbi la unga. Vumbi na vitobo ni kazi ya wadudu, na ni ushahidi kwamba mzigo umekaa. Maharage mekundu au ya kahawia yaliyogeuka meusi-meusi pia yamekaa. Nyumbani yaweke kwenye chombo kinachofunga, mahali pakavu na pa baridi, mbali na jiko. Kabati la juu ya jiko ndilo mahali pabaya kuliko pote, na ndipo watu wengi wanapoyaweka.

Tuje kwenye kuloweka, kwa sababu rafiki wa pili amekushauri uache. Chambua kwanza kwenye sinia: mawe, vijiti, punje zilizobunguliwa. Osha. Tumia chombo kikubwa, maana maharage yatakuwa karibu mara mbili ya uzito wake. Saa 8 hadi 12 zinatosha. Kwenye chumba chenye joto, zikipita 12 maji yanaanza kutoa viputo na harufu ya uchachu kwa sababu bakteria wameingia kazini, na uchachu umeshaona unafanya nini. Ukijua hutapika mpaka jioni, weka bakuli kwenye friji, humo yanaweza kukaa mpaka saa 24. Umesahau kuloweka? Yachemshe kwenye maji mengi dakika 2, zima moto, funika, acha saa 1, mwaga maji hayo. Si sawasawa na usiku mzima, lakini yanakaribia.

Choroko na adesi hazihitaji haya yote. Kunde nazo huiva bila kulowekwa, kwa dakika kama 45 hadi 60.

Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, suuza, weka kwenye sufuria nzito, mimina maji mapya yafike kama sentimita 5 juu ya maharage. Kwa gramu 500 ni lita 1 na nusu hadi 2 kulingana na upana wa sufuria. Tia chumvi, nusu kitunguu, kijiko cha chai cha mafuta. Moto mkubwa mpaka yachemke kwa nguvu, na yaache yachemke hivyo dakika 10 kamili. Toa povu la juu ukipenda. Halina madhara, linachafua mchuzi tu.

Dakika hizo 10 usizikate hata siku moja, hasa kwa maharage mekundu makubwa. Yana lektini, sumu ya asili ambayo punje 4 au 5 mbichi zinaweza kumtapisha mtu mzima na kumharisha ndani ya saa 1 hadi 3. Mchemko wa kweli unaiharibu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inashauri kuloweka saa 5 au zaidi, kumwaga maji, kisha kuchemsha dakika 30 ili kuwa na uhakika. Kwenye utaratibu wangu hapa, dakika 10 za mchemko mkali zinafuatwa na muda mrefu wa moto mdogo; ukitaka kufuata FDA kikamilifu, refusha mchemko huo ufike dakika 30. Hatari iko kwenye yale majiko ya umeme ya kupika polepole kutwa nzima. Mengine hayafikishi chakula kwenye mchemko, na joto la nyuzi 80 halimalizi sumu hiyo. Linaweza hata kuifanya kali mara kadhaa kuliko ilivyokuwa kwenye punje mbichi. Mwenye jiko hilo achemshe kwanza kwenye sufuria ya kawaida, ndipo ahamishe. Na usionje punje za mwanzoni kabla ya mchemko huo.

Baada ya hapo punguza moto kweli kweli. Unachotaka kuona ni viputo vichache vinavyopanda pembeni mwa sufuria na uso wa maji unaotikisika kidogo. Mchemko mkali ukiendelea, punje zinarushwa na kugongana, na hata lenye ganda laini litachanika. Kifuniko kiache wazi kidogo, la sivyo joto linapanda tena na maji yanafurika. Usikoroge kwa mwiko, tikisa sufuria kwa masikio yake. Maji yakipungua mpaka vichwa vya maharage vinaonekana, ongeza ya moto kutoka kwenye birika. Ya baridi yanakata mchemko, na unapoteza dakika kumi kila unapoongeza.

Muda? Maharage ya kawaida yaliyolowekwa ni dakika 60 hadi 90, meupe madogo 45 hadi 75, ila amini zile punje tano kuliko saa ya ukutani. Wanaoishi milimani waongeze. Maji huchemkia takriban digrii moja chini kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo kwenye mita 2,000 yanachemka kwenye nyuzi 93 tu, na tofauti hiyo ndogo inaweza kuongeza saa nzima. Huko sufuria ya presha ni mkombozi.

Yakishaiva, zima na uyaache yakae ndani ya maji yake nusu saa. Yale yaliyochelewa yanawafikia wenzake, na chumvi inaingia katikati. Ukiyachuja yangali ya moto, utayaona maganda yanakakamaa na kupasuka mbele ya macho yako ndani ya dakika moja, kwa sababu unyevu wa ganda unaruka hewani huku ndani bado pamevimba. Mchanganyiko wako wa punje zilizopasuka, kama ulikuwa unachuja upesi, huenda sehemu yake ilitokea hapo.

Sufuria ya presha, basi. Ndani yake joto linafika karibu nyuzi 120 na pektini haina ubavu mbele ya joto hilo. Yaliyolowekwa huiva kwa dakika 10 hadi 15 kuanzia presha inapojaa, ambayo hayakulowekwa dakika 35 hadi 45. Inafaa sana, hasa kwa maharage ya zamani, lakini mimi siachi kuloweka kwa sababu yake. Punje kavu hazinywi maji kwa kasi moja, na ndani ya presha huwezi kufungua kila baada ya dakika tano kuangalia. Kuloweka kunaziweka zote mahali pamoja pa kuanzia. Bila kuloweka utaokoa usiku mmoja na kupata ile ile nusu kwa nusu unayoilalamikia, na gesi zaidi.

Mambo matatu ya presha yasikupite. Usijaze zaidi ya nusu, maharage pamoja na maji, maana yanavimba na kutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke. Tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, kinapunguza povu hilo. Na ukizima, iache itulie yenyewe dakika 15 au 20 bila kuachia mvuke kwa mkono. Presha ikishuka ghafla, maji yaliyomo ndani ya kila punje yanachemka kwa kishindo, na utafungua kifuniko ukute uji wenye maganda.

Matumbo yanayounguruma yana sababu inayojulikana vizuri. Maharage yana sukari za aina ya rafinosi na stakiosi, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita nzima mpaka utumbo mpana, bakteria wanazisherehekea, na gesi ndiyo mabaki ya sherehe. Kuloweka na kumwaga maji kunaondoa sehemu ya sukari hizo, na ile njia ya kuchemsha dakika 2 na kuacha saa 1 huzitoa vizuri zaidi kuliko maji baridi. Hasara ni kwamba kidogo cha vitamini na madini kinakwenda na maji. Msimamo wangu: maji ya kulowekea mwaga, maji ya kupikia bakisha, ndiyo mchuzi wako.

Lakini sehemu ya gesi yenu inatoka kwenye zile punje ambazo hazikuiva. Wanga mbichi wa ndani nao hausagwi vizuri, unafika kule kule kwa bakteria. Rekebisha uivaji kwanza, uone kinachobaki. Kingine ni mazoea. Anayekula maharage mara moja kwa mwezi, sahani imejaa, atateseka kuliko anayekula nusu kikombe mara tatu au nne kwa wiki. Utumbo huzoea ndani ya wiki chache. Viungo vya kuzuia gesi watu wanavisifu sana. Vitie kwa ladha yake.

Kuunga ni kama nusu saa, na hapa ndipo nyanya inaporudi kwa heshima. Kwa ile gramu 500: mafuta vijiko 3 vya chakula kwenye sufuria pana, moto mdogo, kitunguu kikubwa kimoja kilichokatwa na chumvi kidogo sana. Kikaange dakika 10 hadi 12, mpaka kiwe laini na kingo zianze kupata rangi ya kahawia. Watu wengi hukipa dakika tatu, kisha wanalalamika kwamba maharage hayana utamu. Tia punje 3 za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba, nusu dakika tu, kwa sababu kikiungua kinaleta uchungu usioondoka. Kama unapenda bizari nyembamba, nusu kijiko cha chai kiingie sasa. Kisha nyanya 3, kama gramu 300, na uziache mpaka maji yake yakauke na mafuta yajitenge pembeni. Ukimimina maharage kabla ya hapo, mchuzi utakuwa na ukali wa nyanya mbichi.

Mimina maharage na maji yake kiasi, mengine weka pembeni. Chota upawa mmoja wa maharage, uyaponde kwenye ukuta wa sufuria kwa mgongo wa upawa, uyachanganye. Hicho ndicho kinachofanya mchuzi uwe mzito bila unga wala krimu. Moto mdogo dakika 10. Zima, kamulia kijiko kimoja cha chakula cha limau, onja chumvi sasa. Limau baada ya moto linaamsha ladha yote, na vitamini C yake na ya nyanya inausaidia mwili kunyonya madini ya chuma ya maharage, ambayo peke yake hunyonywa kwa shida. Chai na kahawa hufanya kinyume, ziachie saa moja baada ya kula.

Umetaja afya: gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina takriban gramu 8 au 9 za protini na gramu 6 au 7 za nyuzinyuzi. Protini yake ina upungufu mmoja ambao nafaka yoyote inaujaza, si lazima kwenye sahani ile ile, ilimradi siku ile ile. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kabla ya kuyazoea, kwa sababu ya potasiamu.

Gramu 500 kavu zitakupa zaidi ya kilo moja yaliyoiva, kwa hiyo si lazima upike mara mbili kwa wiki. Pika mara moja, unga nusu, nusu ihifadhi ndani ya maji yake. Yagawe kwenye vyombo vya kina kifupi yapoe upesi na yaingie friji ndani ya saa 2. Sufuria kubwa iliyoachwa jikoni usiku ni mahali pazuri pa vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Friji siku 3 au 4, friza miezi 3, na uache nafasi ya sentimita 2 juu ya chombo kwa sababu maji yakiganda yanatanuka. Unapopasha yachemke. Yakiwa na utelezi au harufu ya uchachu, mwaga yote.

Na kama unasoma haya sufuria ikiwa jikoni tayari, nyanya ndani na maharage magumu: yachuje, mchuzi uweke pembeni, yasuuze kwa maji ya moto. Yarudishe kwenye maji mapya yanayochemka na robo kijiko cha chai cha magadi, moto mdogo dakika 30, kisha angalia punje tano. Yakilainika, mchuzi wako wa nyanya unarudi juu yake. Yasipolainika baada ya dakika 45 zaidi, hayo ni ya kabatini muda mrefu. Yape presha dakika 20, kisha yasage yawe supu, na mzigo uliobaki kwenye ule mfuko usiuchanganye na mwingine.